Mmea wa Kifua wa Bibi Wakio

Miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, Lois Wakesho alifanya kazi katika maabara ndogo ya mimea pale Voi. Aliosha chupa, akazichemsha, akamimina ndani rojo la mwani lenye sukari, kisha akapandikiza vipande vya mimea ya dawa. Alipoulizwa ni upi mwingine wa kujaribiwa, alitaja ule ambao bibi yake, Wakio, aliwapa watu wa Wusi, kijijini kwao mlimani, wenye kikohozi. Ulitambaa chini ya miti mikubwa, penye ukungu.

Bibi hakupendezwa. "Mjukuu wangu, dawa utaitia chupani kama mafuta ya taa?"

"Vipande vichache tu, Bibi. Nitavitunza."

Akampa, ila shingo upande.

Karibu na taa za maabara, majani yalibadilika yakawa ya kahawia, yakakauka. Msimamizi wake, Bwana Kituku, akasema wajaribu kabatini. Humo gizani mimea ilirefuka upesi, lakini ikawa myembamba, imepauka kama mtu aliyetoka kuugua. Lois alikosa raha. Ahadi ni deni. Ndipo akatundika shuka jeupe mbele ya taa, Kituku akalikunja mara mbili. Safari hii machipukizi yalitoka mafupi, manene, ya kijani kibichi. Jani lilipopondwa, harufu ilijaa chumba.

"Sasa tumeelewana nayo," Kituku akasema, akicheka.

Baada ya mvua za vuli, miti ya juu kule Wusi ilikatwa mbao. Lois alipopanda mlima kumjulia hali bibi yake, alimkuta amesimama katikati ya visiki. Jua lilipiga ardhi tupu, na mmea wote ulikuwa umeungua.

"Watu wakija na watoto wao, nitawaambia nini?"

Lois alimshika mkono, wakarudi nyumbani.

Aliporudi kazini alimweleza Kituku. "Chupa ni zetu, lakini mmea ni wake," Kituku akajibu. "Mpelekee."

Ila mimea ya chupani ni laini. Kuitoa nje juani ghafla ni kuiua. Wakaihamishia kwenye makopo ya udongo, wakaizoesha mwanga polepole: kwanza nyuma ya shuka, kisha dirishani, kisha barazani. Mingi ilikufa hata hivyo. Iliyobaki Lois aliipandisha Wusi kikapuni, imefunikwa majani ya mgomba.

Bibi alichagua mahali katikati ya migomba yake, karibu na mfereji. Walipomaliza kupanda, alichuma jani, akalitafuna taratibu.

"Ni mchungu, lakini si kama ule wa msituni. Labda ni mchanga bado."

"Au ni mwanga, Bibi. Sisi wenyewe hatujajua."

"Basi tungoje tuone."

Masika yalipokolea, mmea ulikuwa umetambaa hadi ukingoni mwa mfereji. Asubuhi moja mama mmoja alifika amembeba mtoto anayekohoa. Bibi Wakio alimkaribisha, akateleka maji, na Lois, aliyekuwa likizo, akainama migombani kuchuma majani.