Sauti ya Baba Imezuiwa

Mtu akikuita nawe usisikie, je, umemkatalia?

Mama aliniuliza hivyo huku anachagua maharagwe, bila kuniangalia. Nilikuwa nimetoka kumaliza chuo kikuu Lubumbashi, na nilikuwa na tabia ya kujibu swali kwa swali. Nikamuuliza ni nani aliyemwita.

"Baba yako," akasema.

Baba alikuwa amekufa tangu sijaanza kutembea.

Kisa chenyewe nilikijua kwa vipande. Katika miaka ya tisini viwanda vilikuwa vinazimika, mishahara imegeuka hadithi, na watu wenye asili ya Kasai, jimbo jirani, wakawa wanafukuzwa majumbani mwao. Babu aliletwa na migodi. Baba alizaliwa hapa Likasi, akasoma Likasi, wala hakuwahi kuiona Kasai kwa macho yake, lakini aliambiwa arudi kwao. Mama ni mtu wa hapahapa, na mimi nilikuwa na surua. Wakakubaliana baba atangulie, halafu wataona. Akapanda treni.

Ikaja habari kwamba amefia njiani, treni ikiwa imesimama porini. Mama akalia msiba. Matanga yalipokwisha, jirani akamletea kaseti akisema, "Imetoka kwa bwana yako." Posta ilikuwa imekufa, kwa hiyo watu walitumiana sauti: unasema mbele ya redio, unampa mfanyakazi wa reli kaseti, naye anampa mwenzake, hadi inafika.

Mama hakuisikiliza. Kwa watu wa upande wa baba, mjane hasikii sauti ya mumewe marehemu akiwa peke yake. Ndugu wa marehemu, si mtoto wake, lazima aketi kando yake. La sivyo, sauti ikiita, mjane ataitika, na akiitika ataifuata. Lakini ndugu wote wa baba walikuwa wamefukuzwa. Mama akaifunga kaseti katika kitenge, na kuanzia hapo akaanza kuishi na swali lake: kama baba alimwambia aje, naye hakwenda?

Miaka ikapita. Baba mdogo, aliyekuwa anaishi Ubelgiji, alipita Likasi akaichukua isije ikaoza. Aliihamishia kwenye kompyuta akiwa amepunguza sauti kabisa, kwani naye aliogopa, kisha akaiweka kwenye mashine yake huko, mahali ambapo mtu yeyote mwenye neno la siri angeweza kuingia kwa intaneti na kuchukua faili. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekwisha kurudi Likasi. Yeye na mama wangeweza kusikiliza wakati wowote. Hawakusikiliza. Kisha baba mdogo naye akafariki, na mke wake akapiga simu kutupa neno la siri na kusema mashine ile inazimwa mwisho wa mwezi.

Nilimwambia mama ni kazi ndogo. Tukaenda sisi watatu, mama, shangazi na mimi, kwenye duka la intaneti la soko la Kikula, nyuma ya wauza chumvi. Nikaandika anwani, nikaweka neno la siri. Mahali ambapo mafaili yangeonekana kulikuwa na mraba wa kijivu mtupu.

Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Baba mdogo alikuwa ametumia programu ya zamani iliyofanya kazi ndani ya kivinjari kwa msaada wa programu-jalizi. Wahalifu walikuwa wamezitumia sana programu-jalizi hizo kuingilia kompyuta za watu, basi watengenezaji wa vivinjari wakafunga mlango. Niliondoa programu-jalizi nikairudisha. Nikajaribu kivinjari kingine. Kijivu.

Mwenye duka alikuwa anatuangalia huku anakula karanga. "Mademoiselle, ile kompyuta ya kona, minye siiguse tangu zamani. Tunachapia tu mialiko ya ndoa. Ujaribu ile."

Kompyuta ya kona haikuwa imepata mabadiliko yoyote kwa muda mrefu, na ndiyo sababu nikaipenda. Iliwaka kwa kunguruma. Safari hii mraba wa kijivu ulitikisika, kisha likatokea dirisha dogo la Kifaransa. Nikawasomea: programu imezuiwa kwa ajili ya usalama wako, mtoaji wake hajulikani.

Shangazi akasimama. "Hajulikane namna gani? Si ni ndugu yangu!"

"Shangazi, ni kompyuta tu inayosema. Cheti chake kimekwisha muda."

"Kimekwisha juu amekufa."

Nikakubali kwamba ndiyo, kwa namna fulani, kimekwisha kwa sababu amekufa, hakuna aliyekihuisha. Nilijuta kusema. Mama alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake.

"Imezuiwa," akasema. "Wamekataa. Twende."

"Nani amekataa, mama? Ni mipangilio ya usalama. Mtu mmoja huko Amerika ameamua."

"Weye mutoto wa université unajua kila kitu. Ile mutu ya Amerika alijua namna gani tutakuya leo?"

Nilicheka, na kicheko changu hakikumfurahisha mtu. Mama hakuketi mpaka shangazi alipomshika mkono na kuvua viatu. Pale pale, kati ya nyaya na viti vya plastiki, shangazi akasema na kaka zake wawili marehemu kwa Kiluba, kwa sauti ya mtu anayegombana na watoto. Mimi Kiluba sikijui. Nilichokuwa nafanya wakati huo ni kufungua mipangilio ya programu-jalizi, sehemu ya usalama, na kuandika anwani ya baba mdogo katika orodha ya mahali panaporuhusiwa licha ya kila kitu. Nikafunga kivinjari, nikakifungua upya.

Dirisha likarudi, lakini sasa lilikuwa na kisanduku cha kuweka alama: nakubali hatari, nataka kuendelea.

"Semeki," shangazi akamwambia mama, ndivyo mawifi wanavyoitana kwetu, "weka mukono."

Mama akaweka mkono juu ya wangu, tukabonyeza. Mafaili yakajipanga. Mpaka leo shangazi anaamini ni yeye aliyefungua, nami sina jaribio la kuthibitisha kinyume, maana tulifanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Faili lilishuka polepole. Mwenye duka akatoka nje bila kuombwa. Kwanza tulisikia mvumo wa redio, mtu akikohoa, kisha sauti ya kiume ambayo ilikuwa changa kuliko yangu. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimemngoja mzee.

"Mama ya mutoto," ilisema. "Treni haitembee. Batu ni wengi, maji ni kidogo. Minye iko na homa kidogo, usiogope."

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, ili asiitike. Shangazi alikuwa amemshika kiuno.

"Usinifwate. Unasikia? Hata bakikuambia nini, usinifwate. Ubakie na mutoto."

"Zima," mama akasema ndani ya viganja. "Zima, zima."

Nikazima. Alilia kwa namna ambayo sijawahi kumwona akilia kabla wala baadaye, kisha akaninunulia soda. Njiani alitembea mbele yetu. Nilihifadhi faili, na mwisho wa mwezi mashine ya Ubelgiji ikazimwa.

Sikulifungua tena mpaka mama alipokuwa amekwisha kufariki. Siku hiyo hakuwapo mtu wa kusema zima, nikaliacha liendelee. Baba alipokwisha kusema, redio ilivuma kidogo, kisha ikaingia sauti ya mwanamke. Alimwambia mwanawe, aliyeachwa kwa majirani nyuma ya soko la Kikula, kwamba asihame pale, atatuma mtu kumchukua. Baada yake kijana mmoja akamwambia mchumba wake amngoje. Kisha mzee mmoja. Kisha wengine, mpaka kanda ikakatika.

Nilimuuliza mtu aliyekuwa katika treni ile. Kaseti zilikuwa adimu, akasema, kwa hiyo behewa zima lilitumia moja. Ilipaswa kupita nyumba kwa nyumba Likasi nzima, kila mmoja asikie wa kwake na kuipeleka mbele, na nyumba yetu ilikuwa ya kwanza.