Imeili za Jumapili

Mwishoni mwa miaka ya tisini, ukitaka kutuma imeili mjini Kisii, ulikuja kwangu. Niliajiriwa na Mhindi aliyeuza vitambaa chini na kuishi na familia yake ghorofani. Kwenye kona ya duka aliweka kompyuta, modemu na mimi. Anwani ilikuwa moja tu, ya duka, na kila mteja alipokelea barua zake humo. Mimi nilizichapisha nikampa kila mtu yake. Nilijiona mkubwa kweli, na mdomo wangu ulikuwa mkubwa vilevile.

Kulikuwa na mama mjane wa Gesima, mkulima wa chai. Binti yake wa pekee aliolewa akaenda Marekani, na sasa siku zake za kujifungua zilikuwa zimepita. Tulimtumia ujumbe kumuuliza kama yu salama. Ukaenda vizuri, jibu likakosa kuja. Kila Jumatatu mama alishuka mjini.

"Mwanangu, hata leo hakuna?"

"Hakuna, mama."

Niliwalaumu watu wa simu. Nilichomoa waya nikarudisha, nikaifuta programu ya imeili nikaiweka upya, modemu nayo nikaizaba kofi. Barua za wengine ziliingia bila shida, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Halafu Jumatatu moja mama akaniuliza polepole, kwa Kikisii, kama mtu akifia ng'ambo mwili huletwa na nani. Nilijificha nyuma ya majora ya vitambaa nikalia.

Niliporudi, nilimuuliza swali tu ili tusikae kimya: huyo binti huandika lini?

"Sabato ikiisha," akasema. "Kuna mwenzake wa kanisani mwenye kompyuta. Jumamosi jua likizama, anaenda kwake."

Jumamosi jioni kwao ni Jumapili alfajiri kwetu. Mimi Jumamosi niko kanisani Nyanchwa, na Jumapili duka limefungwa. Nilizipitia tarehe za barua zote zilizowahi kuingia. Za Jumamosi na Jumapili hazikuwepo, za mtu yeyote.

"Bosi," nikaita, "huko juu kwako kuna kompyuta?"

"Iko. Jumapili namwandikia ndugu yangu Uingereza."

"Kwa anwani ya duka?"

"Kwani tuna nyingine?"

Nikaelewa. Kompyuta yake ilikuwa inazichukua barua zote kule zinakosubiri, kwa kampuni ya intaneti, kisha inazifuta huko. Jumatatu yangu ilikuta pameshafagiwa. Nilimwakia kama moto wa kifuu: na hizi za Kikisii, hukuziona?

"Niliziona. Sikufungua. Barua ya mtu ni ya mtu," akasema. "Nilidhani hata wewe unazo hapo chini."

Hasira ikaniisha papo hapo. Utamgombezaje mtu kwa adabu yake?

Tulipanda wote watatu. Mama alivua viatu mlangoni, mke wa bosi akamletea chai, lakini hakuigusa. Barua za binti zilikuwepo, zimebanana katikati ya zile za Uingereza, hazijafunguliwa. Nilisoma ya kwanza kwa sauti. Amejifungua mvulana, wote wazima. Mama akakaa chini sakafuni akajifunika uso kwa leso. Alipoufunua, nikaendelea kusoma.

Ya mwisho ilisema hivi: "Mama, mbona kimya? Hapa wanataka jina la mtoto, nimewaambia wangoje. Jina la aliyetutangulia utalitoa wewe, siwezi kujichagulia. Kwa sasa tunamwita Mgeni."

Kabla ya lingine lolote niliingia kwenye mipangilio ya programu ile, nikaweka alama kwenye kijisanduku cha kuacha nakala za barua kule zinakosubiri, ili hata mimi nizipate chini. Kazi ya dakika moja, baada ya wiki zote hizo. Kisha nikafungua ukurasa wa kujibu.

"Mwandikie," mama akasema, akalitaja jina la marehemu mumewe.

Niliandika, bosi akabonyeza kutuma, modemu ikaanza kulia. Mama akauliza kama jina limeshaanza safari. Nikamwambia ndiyo. Akasimama, akaielekea mashine, akaliita jina lile tena, kwa sauti ya kawaida tu, kama alivyozoea kumwita mumewe mwenyewe atoke shambani kwenye majani chai aje ale.