Kilima Kati ya Nyumba Namba Tatu na Namba Nne

Kwa miaka miwili nimekuwa nikimwambia kila anayeuliza kuhusu kile kilima kwamba msanifu wa nyumba zetu alinielewa vibaya. Nimemwambia mume wangu, nimewaambia watu wa kanisani, nimemwambia hata daktari wa meno. Leo naungama: hakunielewa vibaya. Toronto nzima hakuna aliyewahi kunielewa vizuri kama yule kijana, na ndiyo maana bado nina hasira naye.

Tulikuwa familia nane za Watanzania tuliochoshwa na maghorofa ya Weston, tukaungana kujenga vila nane kwenye kiwanja kimoja kaskazini ya Richmond Hill. Mimi na mume wangu tulimfanyia hayo Mama, mama mkwe wangu, ambaye tangu aletwe Kanada alikuwa akishinda dirishani kwetu ghorofa ya tisa akihesabu treni za uwanja wa ndege. Tulitaka azeekee penye bustani, kwetu namba tatu, na binti yake Rehema pale jirani namba nne.

Msanifu akatugawia karatasi ya maswali. Swali moja lilisema: ukiwa nyumbani, hutaki kuonwa na nani? Wenzangu waliandika "watu wa barabarani", wakapumzika. Mimi nikaandika ukurasa mzima na nusu (niulize kitu kwa maandishi uone), tena siku yenyewe Rehema alikuwa ametoka kwangu muda huo huo, ameingia kwa ufunguo aliopewa na kaka yake, amefunua sufuria, amesema "wifi, hiki ni kitoweo au dawa?", akaondoka zake. Nikaandika kwamba wifi yangu Rehema haijui hodi, anakagua viatu mlangoni ajue nina mgeni gani, na kwamba naomba kilima kati ya nyumba yake na yangu, kipandwe miti isiyopukutisha majani wakati wa baridi, kwa sababu yeye hana msimu wa kupumzika. Nilicheka peke yangu. Nikatuma.

Siku ya kuonyeshwa ramani tulijaa ukumbi wa kanisa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani (ndiyo kazi ya msomi, kutumwa bure). Mezani palikuwa na nyumba nane za kadibodi, zote zimegeuziana migongo kwa adabu, na katikati ya namba tatu na nne pameinuka kichuguu cha kijani.

"Mbona kilima ni hapa tu?" akauliza Rehema.

Msanifu akafurahi. Akasema mmoja wetu aliandika maneno mazuri mno yaliyozaa mchoro mzima, akayaonyesha ukutani kwa projekta, herufi kubwa kama tangazo. Jina langu alikuwa amelifuta, kulinda faragha yangu. La Rehema hakulifuta. Na Rehema ana kaka mmoja tu, na huyo kaka ana mke mmoja tu.

Mama, aliyekaa mstari wa mbele na asiyejua Kiingereza, akanigeukia. "Anasemaje?"

Hapo afadhali ningenyamaza. Nikasema, "Anasifia miti, Mama."

"Ngoja nikusomee mimi, Mama," akasema Rehema, akasimama, akamtafsiria neno kwa neno, sufuria, viatu, msimu wa kupumzika, kwa sauti ile ya kiuguzi anayowasomea wagonjwa wake dawa zao. Mume wangu alikuwa akitazama soksi zake. Nikajaribu kusema si mimi. Mtu nyuma akakohoa.

Mama akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, mimi nitakaa upande gani wa hicho kilima?"

Nimemkasirikia kila mtu kwa ajili ya swali hilo: msanifu na furaha yake, mume wangu na soksi zake, na zaidi mimi mwenyewe ninayeandika haya. Nimeapa karatasi yoyote ya maswali nitaijaza kwa ndiyo na hapana.

Jumapili iliyofuata simu ikalia. Alikuwa Rehema, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa hajawahi kunipigia kabla ya kuja.

"Wifi, hujambo. Nimepiga kwanza, kama ulivyotaka. Mimi najitoa kwenye vila, nabaki hapa Weston, na Mama amesema atakaa na mimi. Nikija kuchukua nguo zake nitabisha hodi. Ufunguo nimeuacha kwenye sanduku lako la barua."