Mama Euphrasie na filamu isiyoruhusiwa kuisha

Saa nane mchana, jua likiwa bado kali juu ya mabati ya Kalembe, mashariki mwa Kongo, Mama Euphrasie Katungu anaziba madirisha kwa mablanketi. Hapa hakuna anayeonyesha filamu usiku. Usiku kila mtu anajifungia kwake na kusikiliza mbwa wanabwekea nani, kwa hiyo giza la sinema inabidi litengenezwe mchana.

Anapigilia msumari, unamponyoka. Anauokota, unamponyoka tena.

"Mikono inakataa leo," anasema.

Mtazamaji anayengojewa leo ni kamanda wa watu wenye silaha wanaoshika bariera, kizuizi cha barabarani kinachotoza kila mzigo unaopita. Watu hapa hawamtaji jina, wanasema tu Mukubwa. Ameagiza aonyeshwe filamu aliyoionyesha mama huyu siku ya soko, na ifasiriwe kwa maneno yaleyale. Maneno hayo ndiyo yanayomtoa jasho.

Euphrasie, ambaye jina lake tumelibadili, ni mfasiri wa filamu. Nyuma ya duka lake la chumvi, sabuni na betri kuna chumba cha mbao chenye televisheni moja, jenereta na mabenchi. Diski zinatoka Butembo, kwao alikozaliwa, na zinazungumza lugha ambazo hakuna anayezijua hapa, yeye mwenyewe akiwemo. Anasimama kando ya skrini na kipaza sauti chake, anaeleza.

Na anavyoeleza, jamani! Filamu ya mapenzi inamalizika, dereva maskini amemwoa binti wa tajiri, watu wanafuta machozi. Yeye anauliza: "Bon, ule mumoja amepata bibi. Na madereva wengine, mushahara yao imepanda?" Filamu ya maiti wanaofufuka na kutembea barabarani, watoto wakipiga kelele kwa hofu, yeye anasema hao ni wafanyakazi wa kampuni, hata walipokufa hawakupewa likizo. Ndugu wawili wakipigana kwa mateke ndani ya jiko la hoteli, anasimamisha picha na kuuliza hoteli ni ya nani.

Tabia hiyo ya kusimamisha na kuuliza aliipata kanisani. Katika jumuiya ndogo za Wakatoliki, mtu akishasoma Injili, kiongozi hunyamaza kidogo, kisha huuliza kila mmoja ameona nini. Euphrasie aliona kwamba filamu nayo inaweza kusomwa hivyo hivyo.

Maswali yenyewe aliyapata mgodini. Kabla ya kifo cha mumewe, aliyekuwa na lori la bidhaa, alipikia wachimbaji huko ndani ya Walikale. Aliwaona wanaume wakitoka msituni na magunia ya mawe mgongoni, ndege ndogo ikiwangoja.

"Mwenye ile mali sikumuona hata siku moja," anasema. "Niliona kofia yake tu, walitundika mu biro ya kampuni. Tulikuwa tunaisalimia."

Filamu ya leo ni ya mgodi wa dhahabu katika nchi isiyojulikana. Shujaa, ambaye hapa huitwa akteri, ni mlinzi wa patron, bosi mwenye mgodi, anayevaa suti nyeupe. Patron anawaua rafiki za akteri, naye akteri anageuza bunduki, mwisho anampiga patron risasi ofisini kwake. Hapo ndipo kumbi zote za eneo hili huamka, watu hupiga makofi na kukimbilia mlangoni.

Kwa Mama Euphrasie hakuna anayetoka. Mlango wake una komeo, na haliondolewi mpaka picha ya mwisho. Patron akishakufa, akteri anakizunguka kiti cha marehemu, anakigusa, anakaa. Simu inalia. Anapokea. Dirishani nyuma yake wachimbaji wanaonekana bado wanachimba.

"Ile njo filme yenyewe," anasema. "Yote yenye ilitangulia ni matangazo."

Siku ya soko mambo yaliharibika katikati. Alisimamisha picha kama kawaida, akauliza mawe yanakwenda wapi. Hakorimana, mbeba mizigo anayejulikana kwa mdomo wake, akajibu kwa sauti: "Inaenda kwa bariera!" Chumba kizima kikacheka. Mbao hazizuii kicheko, na bariera si mbali. Kufikia jioni Hakorimana alikuwa ameitwa, naye badala ya kuitika aliingia msituni. Mpaka leo mkewe hajui kama yu hai.

Kesho yake msaidizi wa kamanda alikuja dukani, akanunua sabuni, akalipa vizuri kabisa, kisha akatoa agizo. Ile heshima ya kulipa ndiyo iliyomtisha mama huyu zaidi.

Watu wanaanza kuingia. Kwa kawaida wanasukumana, leo wanaingia kama wanaoingia msibani. Wamekuja kwa sababu kutokuja kungeonekana. Mwandishi wa makala haya, ambaye hakujipangia kufa kwa ajili ya sinema, anachagua benchi la karibu na mlango. Pembeni yake anaketi Mama Mukankusi, muuza jibini kutoka Masisi, akipitisha rozari vidoleni ndani ya kitenge.

Kamanda anaingia na vijana wanne wenye bunduki. Ni mtu mfupi, mpole wa sauti. Anaketi mbele, anavua kofia, anasema: "Mama, anza. Usibadilishe kitu."

Euphrasie anaanza. Picha inafika pale pa swali. Angeweza kupapita, ila kamanda ameshaambiwa kila neno, na akipapita atakuwa amekiri. Anasimamisha. Jenereta inanguruma nje.

"Ile mawe," anauliza, "inaendaka wapi?"

Mama Mukankusi amefumba macho. Mtoto anakohoa na mama yake anamziba mdomo.

"Inaenda kwa patron!" anajibu kamanda mwenyewe, akigonga goti. "Endelea, Mama!"

Watu wanapumua. Kuanzia hapo kamanda anafurahi kuliko watoto. Anamwonya akteri mahali penye mtego, anamtukana patron. Risasi inapolia ofisini na suti nyeupe inapoanguka, anasimama na kupiga makofi, na chumba kizima kinasimama naye.

"Muliona?" anawaambia vijana wake. "Akteri njo miye! Miye njo napiganisha mapatron!"

Anageukia mlango. Komeo limefungwa. Anamtazama Euphrasie, na Euphrasie anaujua wajibu wake: kumwambia kwamba filamu haijaisha. Mdomo wake unafunguka. Kisha mkono wake, ule ule ulioshindwa na msumari, unaondoa komeo bila kukosea.

Mlangoni kamanda anasimama. "Alhamisi uje na mashine yako kule kambini. Nimepata vijana wapya, wanaogopa. Uwafasirie hivi hivi. Ukifika pale patron anakufa, unazima."

Kamanda akishaondoka, hakuna anayetoka. Watu wanaketi tena mmoja mmoja. Euphrasie amesimama mlangoni akiishika fremu.

"Mama," anasema Mukankusi kwa sauti ndogo, "tunangoja kiti."

Euphrasie aliirudisha picha. Hakutumia kipaza sauti. Walitazama kiti, simu na dirisha, kisha wakaenda makwao kwa makundi madogo.

Jioni hiyo, akifungasha nyaya, alisema wazi kilichokuwa kinamla. "Kama aliniwaza mubaya, angenipiga tu. Sasa amenipenda! Ananikamatisha batoto ya wengine na mudomo yangu."

Alifikiria kutoroka kabla ya Alhamisi, lakini barabara zote zinapita kwenye bariera. Alifikiria kuharibu jenereta, lakini wao wana jenereta yao. Tulikubaliana makala haya yasichapwe mpaka awe ametoka pale, na tukaagana bila kuambiana tutaonana kesho.

Alipiga simu wiki iliyofuata, akiwa upande wa Mpofi kwa dada yake Généreuse, anayeuza mafuta ya mawese. Alikuwa amepita bariera mchana kweupe na televisheni yake juu ya pikipiki. Walimpungia mkono. Walidhani anaenda kununua diski mpya kwa ajili yao.

Alhamisi ile, kabla ya kuondoka Kalembe, alikwenda kambini. Vijana waliketi chini kwenye majani, wengine sura alizijua, ni watoto wa wateja wake wa chumvi. Alifasiri yote. Patron alipokufa msaidizi wa kamanda aliinua mkono, naye akazima.

"Mumoja akaniuliza, 'Mama, haiyaisha?' Alikuwa anakuyaka kutazama kwangu na baba yake, anajua mwisho," alisema. "Nikamuambia imeisha. Miye! Nikamuambia imeisha."

Alilia kwa muda, bila kujificha. Kisha akasema kijana huyo walimpa bunduki siku ile ile, na haombi kitu kingine siku hizi ila siku moja amwone tena amwambie ukweli.

Mpofi nako si salama. Kuna bariera nyingine, ya watu wengine, na wao pia wanapenda filamu. Hata hivyo ameshapata chumba nyuma ya ghala la mihogo, na Généreuse amempa mbao za mabenchi. Wachimbaji wanaoshuka kutoka misituni wameanza kuulizia siku ya kwanza.

Siku hiyo, anasema, ataanzia mwisho. Kwanza kiti, simu na dirisha lenye wachimbaji, watu watazame mpaka waelewe. Baada ya hapo ndipo atairudisha filamu mwanzo, akteri aje na bunduki yake.

Aliulizwa kama haogopi.

"Naogopa, kaka. Naogopa sana, hata kulala silali," alijibu. "Njo maana naanzia mwisho. Wakikuya kunizimisha, watu watakuwa wameshaona."