Mpunga wa Mwalimu Leodegar

Mtu akikuambia Balbina alikuwa mama mpole, ujue hajawahi kulima jirani naye. Mjane huyu wa pembezoni mwa Ifakara alicheka na kila mtu, ila ukimgusa mwanawe Tadei, umejitafutia.

Mwalimu Leodegar, mkuu wa shule ya kati, alimgusa. Kila mwaka mpunga ulipotoa masuke, aliwatoa darasani watoto wa wakulima na wavuvi, akawapeleka shambani kwake kuamia ndege, wawafukuze wasile mpunga. Watoto wa makarani na wenye maduka walibaki wakisoma hesabu. Matokeo ya darasa la nane yalipotoka, mwanzoni mwa mwaka hamsini na tano, hao wa makarani walifaulu karibu wote. Wa jembe na nyavu, hata mmoja! Mwalimu akasimama mbele ya wazazi bila haya, akasema watoto wa bondeni vichwa vyao vizito.

Tadei alikuwa mmoja wao. Balbina akaenda kwa Mwalimu, akapiga magoti kwenye vumbi, akaomba mwanawe arudie darasa.

"Sheria ya serikali hairuhusi, mama. Mfundishe kulima."

Balbina akainuka, akajipangusa magoti, akaenda zake. Hakulia. Hasira ile aliitunza kama mbegu.

Shamba lake lilipakana na la Mwalimu. Masuke yalipotoka, akapita nyumba kwa nyumba kwa kina mama wenzake. Wakakubaliana kusimama njiani, na kila mtoto aliyetumwa kuamia wakamrudisha darasani. Madungu ya Mwalimu, vile vichanja virefu vya kulindia shamba, yakabaki matupu. Balbina na Tadei wakapanda dungu lao, wakapiga madebe, wakarusha mawe kwa kombeo, na kundi zima la ndege likahamia upande wa pili. Loo, alivyofurahi! Aliwatazama wakishuka kwenye mpunga wa Mwalimu, akajiona ameshiba kabla ya kula.

Jumamosi Mwalimu akaja mwenyewe, suruali imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, Mama Tadei." Tangu ahamie pale hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba."

"Nisaidie, mama. Ndege wananimaliza. Waambie wenzako wawaache watoto waje, nami Tadei nitamrudisha darasa la nane."

Damu ikampanda Balbina kichwani. Kumbe sheria ya serikali nayo huliwa na ndege!

"Mtangaze kwanza, mbele ya watu, kesho baada ya misa. Mengine baadaye."

Mwalimu akatangaza. Jumatatu Tadei akaketi darasani, dawati la mbele. Hazikupita saa nyingi, Mwalimu huyo mpakani, anatweta.

"Haya, mama, watoto wako wapi?"

"Wanasoma."

"Si tulikubaliana?"

"Watakuja, Mwalimu. Siku Tadei atakapofaulu mtihani, watakuja wote kuamia shambani kwako."

Mtihani ulikuwa Novemba. Mpunga huvunwa Juni. Kumfukuza kijana aliyemtangaza mwenyewe mbele ya kanisa zima, Mwalimu angeanzia wapi? Akageuka, akaingia shambani mwake, akaanza kupunga mikono na kupiga kelele peke yake.

Balbina akapanda dunguni, akachukua debe, akalipiga kwa nguvu zake zote. Ndege wakainuka kwa pamoja, wakaenda kwa Mwalimu.