Firmin wa Mchanga

Tiii. Nyundo juu ya gurudumu la chuma. Gurudumu zima huimba, lenye ufa hukohoa. Miaka yote aliyofanya kazi katika yadi yetu ya reli, mashariki ya Paris, Firmin Lacombrade alipita kando ya mabehewa akigonga na kusikiliza, kisha akavifungua visanduku vya ekseli, mihimili ya magurudumu, na kuvijaza grisi, kwani ekseli ikikauka huungua na garimoshi husimama. Fahari yake ilikuwa moja: behewa lililopita mkononi mwake haliungui njiani.

Ndiyo maana mji mzima ulicheka, na kulia kidogo, uliposikia kwamba aliliunguza moja makusudi. Kilikuwa kiangazi cha mwisho cha vita. Wajerumani walikuwa wamepakia picha za wachoraji wetu, makasha juu ya makasha, wazipeleke kwao. Mama mmoja wa makumbusho alikuja yadini kwa baiskeli, jasho likimtoka, akawaomba wanareli: "Lichelewesheni garimoshi hilo, jamani, hata kidogo tu." Firmin akatia konzi ya mchanga kwenye grisi. Garimoshi halijatoka vitongojini, ekseli ikaanza kufuka moshi. Likarudishwa, likakaa, hadi Wajerumani wakakimbia na picha zikabaki.

Tangu hapo tukamwita Firmin wa Mchanga. Alikuwa akiinamisha kichwa kila tulipomwita hivyo, nasi tukadhani ni unyenyekevu.

Alipokwisha kustaafu, meya akaamua kuweka kibao cha shaba cha kumbukumbu stesheni, na Firmin ndiye wa kukifunua. Asubuhi ya siku yenyewe mkewe, Honorine, alimkuta bustanini, kapiga magoti kwenye tuta la figili.

"Wewe mwanamume! Shati nimelipiga pasi, watu wanakuja kukubusu mashavu, wewe unachimba figili?"

"Waambie naumwa."

"Unaumwa nini?"

Firmin akainuka. Akanawa mikono, akaenda.

Mbele ya baa, Ludovic, dereva wa zamani wa garimoshi, alimpigia kelele: "Firmin wa Mchanga! Mfukoni leo una nini? Usije ukautilia mvinyo wa meya!"

"Huo hauhitaji mchanga," akasema mwenye baa. "Unakwaruza wenyewe."

Wote wakacheka. Firmin alitazama viatu vyake.

Stesheni walikuwa wameleta behewa la mbao la kubebea ng'ombe, kama yale ya wakati wa vita, kwa ajili ya mpiga picha wa gazeti. Meya akampa nyundo. "Hebu tuonyeshe, mzee wetu."

Akagonga. Tiii. Makofi yakalipuka. Lakini Firmin hakugeuka. Aliweka sikio kwenye mbao akangoja, kama mtu aliyebisha hodi. Makofi yakapungua, yakakoma, na mpiga picha akashusha kamera yake.

Honorine akamfuata, akamshika kiwiko. "Unasikiliza nini, mume wangu? Humo hamna kitu."

"Kulikuwa na jingine," akasema. "Kabla ya lile la picha. La Wayahudi waliokuwa wakipelekwa kwenye kambi za kifo. Milango imepigiliwa misumari. Niligonga gurudumu, Honorine, nao wakanigongea kutoka ndani. Vilevile nilivyogonga mimi."

"Ungefanya nini? Askari walikuwa kila mahali."

"Nisingehitaji kufanya kitu."

Meya akakohoa, akamwonyesha kibao, bado kimefunikwa bendera. Firmin akamrudishia nyundo kwa heshima, mpini mbele, akashuka jukwaani. Watu walimpisha, wengine walidhani amezidiwa na furaha. Honorine alimwahi karibu na geti, akamgeuza amtazame.

"Firmin, niambie. Umesema usingehitaji kufanya kitu, maana yake nini?"

Firmin akanong'ona. Ilimbidi Honorine asogeze uso ili amsikie.

"Kisanduku cha ekseli ya behewa lao kilikuwa kikavu. Kingeungua chenyewe. Nikakijaza grisi pomoni, kifuniko nikakipangusa."