Fundi Tamimu na Mlio wa Mlima wa Suma

Fundi Tamimu haanzi kazi kwa kushika gari. Anasimama kando, bisibisi ndefu sikioni, ncha yake juu ya injini inayonguruma, na ukimsemesha wakati huo hajibu. Babu yake alikuja Tukuyu kutoka pwani kushona nguo. Yeye alizaliwa Msasani, gereji yake ipo Bagamoyo, mitaa ya hapahapa Tukuyu, si ile ya pwani, na Kinyakyusa chake kinawapita wanangu wote. Kwa miaka kumi na tisa ndiye anayetunza Mark II ya marehemu mume wangu, Mwalimu Ambindwile. Mwezi uliopita nilikaribia kuamini kwamba kazi imemshinda.

Gari lilikuwa linagonga. Likipanda mlima, mbele hutoka mlio wa harakaharaka, kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko. Likifika tambarare, kimya. Nilimpelekea. Akasikiliza, akazunguka nalo hadi stendi, akarudi.

"Mama, halilii."

Akabadilisha plagi. Wiki ya pili akabadilisha mkanda. Wiki ya tatu akafuta mikono taratibu, akauliza, "Likilia huwa limebeba nini, mama?"

"Limenibeba mimi na Biblia yangu."

Wateja waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema labda ni ile Biblia ya mimbarani.

Jibu la kweli nililijua. Kila Jumanne na Ijumaa, ukungu haujaondoka, natoka shambani kwetu Suma na mikungu kumi na minne ya ndizi, mingine kwenye buti, mingine kiti cha nyuma, yote imefunikwa shuka. Mume wangu alikuwa mkuu wa shule miaka ishirini na miwili. Ndani ya gari lile hakuruhusu mtu hata kutafuna muwa. Sikutaka kanisani wazungumze kwamba mjane wake amekuwa mchuuzi. Lakini gari lingekufa, ndizi zingeozea Suma, na mimi ningekula kwa kuwaomba watoto, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Ijumaa iliyofuata mlio ulizidi hadi usukani ukatetemeka. Nikaenda moja kwa moja gereji, na mzigo wangu chini ya shuka. Tamimu akafungua mlango. Akaingia, akakaa mbele.

"Turudi mlimani."

Tulipanda. Gari likagonga kwa kelele zote, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea salamu. Tuliporudi gereji akaingiza nondo chini ya injini, akaisukuma kidogo, ikainuka.

"Mipira inayoshika injini imekatika. Ukiwa na mzigo mlimani injini inanyanyuka, feni inagonga kava lake. Likiwa tupu halitumii nguvu, basi limetulia."

"Wiki tatu, Tamimu. Plagi, mkanda, na nauli zangu za bodaboda."

"Buti lako lina utomvu wa ndizi tangu mwaka juzi, mama. Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya benchi lile?"

Nilikasirika, nikashindwa kujua nimkasirikie nani. Wiki tatu tumestahiana, huku feni inajikata.

Ili gari lipigwe jeki, ilibidi mzigo ushuke. Mikungu ikapangwa ukutani, barabarani kabisa, kila apitaye aione. Ndipo akaja Jotham, mzee wetu wa kanisa, kuziba tairi lake.

"Ndaga, mama. Ndizi nzuri hizi. Za nani?"

"Za mteja mmoja wa Suma," Tamimu akawahi.

Alitaka kunisitiri, najua. Lakini jina la Mwalimu Ambindwile halijawahi kulindwa kwa uongo, na sikuona sababu fundi aanze kubeba uongo huo kwa niaba yangu.

"Ni zangu," nikasema. "Za shamba la Mwalimu. Nauza Jumanne na Ijumaa."

Jotham alitazama mikungu, akatazama gari, akanitazama mimi.

"Kumbe. Na sisi tunanunua sokoni zilizochubuka. Basi Jumanne nipitishie mmoja nyumbani."

"Utaufuata mwenyewe, mzee. Gari la Mwalimu halizungushi mizigo majumbani kwa watu."

Tamimu akainama haraka chini ya injini kuficha kicheko, na sikumwona tena uso mpaka Jotham alipoondoka.